Beringi Zenye Alama Yangu

Nina tabia mbaya moja ambayo hata mama yangu ameshindwa kuniachisha: siwezi kukaa karibu na mashine inayozunguka bila kuisikiliza. Harusini nasikiliza jenereta. Nikienda kusaga mahindi, wenzangu wanapiga soga kwenye foleni, mimi nimesimama mlangoni nakisia kama ni mkanda uliolegea au ni beringi inayoanza kulia. Kwetu Ushetu, kwenye mashamba ya tumbaku, walishanizoea. Wanasema sijaolewa mpaka leo kwa sababu hakuna mwanamume anayetaka kusikilizwa kiasi hicho.

Bahati nzuri tabia hiyo ilinipatia kazi. Nimeajiriwa kwenye mgodi mmoja wa kati upande wa Kahama, si mkubwa wa kutajwa kwenye taarifa ya habari na si mdogo wa kuchimbwa kwa sururu. Kila asubuhi nazunguka na kifaa cha mkononi, nakigusisha kwenye pampu, kwenye mota, kwenye vinu vya kusagia mawe, nacho kinanichorea mtetemo wa kila mashine kwenye kioo. Kabla sijafika, mafundi pale walikuwa wanabadilisha beringi kwa namna mbili: kwa kalenda au kwa kilio. Kwa kalenda, siku yake ikifika inatolewa hata kama ni nzima. Kwa kilio, inaachwa mpaka ipige kelele, na mara nyingi ikipiga kelele imeshaua na shafti. Mimi nilikuja na njia ya tatu, ya kuiuliza mashine yenyewe inajisikiaje, na kuitibu kwa kufuata hali yake.

Beringi ni pete mbili zenye gololi katikati, na haifi ghafla. Inaanza na kidonda kwenye pete ya ndani, kidogo kuliko punje ya ulezi, na kila gololi inayopita juu ya kidonda hicho inagonga. Sikio tupu halisikii kitu. Ukiweka mkono, hakuna joto. Ukiitoa na kuizungusha kwa kidole inazunguka laini, inang'aa, na fundi asiyejua atakuapia kuwa ni mpya. Lakini kifaa kinaunasa ule mgongano majuma mengi kabla beringi haijasambaratika. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na mimi nilikuwa naziba nyufa ambazo wengine hata hawazioni. Nilijivuna sana. Nasema wazi, kwa sababu kiburi hicho ndicho kilichokuja kunitoa machozi.

Beringi niliyoikataa nilikuwa naiandika. Nilichukua kalamu ya rangi ya njano, nikapiga mkasi ubavuni, ile alama ya kosa ya mwalimu, chini yake nikaandika namba ya mashine ilikotoka na tarehe. Mwandiko wangu ni mzuri, na saba yangu ina mstari tumboni kama nilivyofundishwa shule ya msingi. Beringi ilikaa rafuni mwezi mmoja, mkuu wa karakana akitaka kuhakiki ahakiki, kisha ikatupwa kwenye pipa la chuma chakavu. Pipa likijaa, lori linakuja kulibeba. Lori linaenda wapi, sikuwahi kuuliza.

Mdogo wangu wa kiume, anayenifuata kuzaliwa, anaendesha winchi kwenye duara moja mbele ya Rwamgasa. Duara ni shimo la wachimbaji wadogo pamoja na watu wake wote: mwenye shimo, wachimbaji, waponda mawe, mama wa chakula. Winchi yenyewe ni ngoma ya chuma iliyoviringishwa waya, inazungushwa kwa cheni na mota yenye breki, na shafti yake imeshikiliwa na beringi mbili, moja kila upande. Kwa utaratibu ni ya kupandishia mawe, na watu wanatakiwa kutumia ngazi za miti. Lakini ngazi zile ni ndefu mpaka magoti yanalia, na sijaona mwanamume wa kuzipanda baada ya kutwa nzima ya kugonga mwamba wakati waya upo. Kwa hiyo wanakaa kwenye kitanzi, mmoja mmoja, na mdogo wangu anawashusha asubuhi na kuwapandisha jioni. Ni watu sita. Nimekula nao ugali, nawajua mpaka mizaha yao.

Hao sita ndio walionifanya niwe msumbufu. Kila nikimpigia simu mdogo wangu, kabla salamu hazijaisha nishaanza: breki umeangalia? Waya haujachanika nyuzi? Beringi umenunua wapi? Spea feki zimejaa huku kwetu. Boksi zuri, karatasi nzuri, ndani kuna chuma laini cha kutengenezea sufuria. Nilimwambia usinunue boksi, nunua chuma. Alinicheka, lakini nilijua ananisikia. Siku moja akanipigia yeye, amejaa furaha.

"Dada, nimepata beringi za kweli. Sasa utalala usingizi. Uje uone."

Nilikuwa na siku zangu za mapumziko, nikaenda. Nikapita Runzewe, nikapita Buseresere, nikamalizia kwa bodaboda kwenye vumbi jekundu, nikafika jua halijawa kali. Nikamwamkia mwenye duara, mama wa umri wa mama yangu, mnene, anayeketi kwenye kiti cha plastiki chini ya turubai na kuona kila kinachopita.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, ng'wanawane, mwanangu. Umekuja kutusikiliza?"

Watu wakacheka. Sifa zangu zilikuwa zimenitangulia, na sikuchukia hata kidogo.

Wachimbaji wote sita walikuwa chini. Winchi ilikuwa inapandisha viroba vya mawe, na mdogo wangu alikuwa amesimama kwenye usukani wake, kifua mbele, kofia nyuma, anajua kuwa namtazama. Kwa kuwa sikuja na kifaa, niliomba bisibisi ndefu. Ncha yake unaiweka kwenye nyumba ya beringi, lile kasha la chuma linaloishika, mpini unaukandamiza kwenye mfupa wa nyuma ya sikio, na chuma kinakuletea yaliyomo ndani. Hata mabibi wa tumbaku wanajua kuweka fimbo kwenye mtungi kusikia kama pombe inachemka. Upande wa kwanza ulikuwa unavuma vizuri. Nikazunguka upande wa pili.

Nilisikia mgongano. Ulikuwa mdogo na wa mpangilio, kila mzunguko mara kadhaa, haukosei. Niliondoa bisibisi, nikaifuta kwa upindo wa kanga, nikairudisha. Mgongano ulikuwepo.

"Hii ya upande huu umeifunga lini?"

"Dada, hata maji hujanywa!" Akacheka. "Hiyo ndiyo mpya yenyewe. Ina siku chache tu. Nilinunua mbili, moja nimefunga, moja nimeweka akiba. Ngoja nikuonyeshe."

Alisubiri kiroba kitue, akasimamisha ngoma, akaenda kwenye sanduku lake la vifaa. Akarudi na kitu kilichoviringishwa gazeti, akakifungua taratibu kama mtu anayefungua nguo ya harusi, akaniwekea kiganjani.

Beringi iling'aa. Ubavuni ilikuwa na mkasi wa njano. Chini ya mkasi kulikuwa na namba ya pampu yetu ya pili ya maji machafu, na tarehe. Ndani ya tarehe kulikuwa na saba yenye mstari tumboni.

Nilisoma mara moja. Nikasoma tena, nikitumaini kuwa kuna mtu mwingine duniani anayeandika hivyo. Ni mwandiko wangu. Niliukumbuka hata mkao wa mkono nilipouandika, nimeegemea meza, nauma mfuniko wa kalamu. Ukistaajabu ya Musa utayaona ya Firauni; lakini hakuna aliyeniambia kuwa Firauni mwenyewe ningekuwa mimi.

"Umeona?" mdogo wangu aliuliza. "Unaona hiyo alama?"

"Unajua ni ya nini?"

"Ni ya ubora, dada. Pale Buseresere ukienda duka la spea, washamba wanachukua zile za kwenye boksi. Sisi tunaojua tunaulizia zenye njano. Hizo zinatoka mgodini, zimepimwa na mashine, zimeandikwa. Hata hiyo niliyofunga inayo. Wewe si ndiye uliyesema ninunue chuma, nisinunue boksi?"

Zimepimwa, kweli. Zimepimwa, zikashindwa, na mimi ndiye niliyezipima. Nikaanza kuelewa jambo jingine, baya zaidi, nikiwa bado nimeishika beringi ile. Zamani, mafundi walipokuwa wanasubiri kilio, beringi zilitoka vipande vipande, gololi huku, pete kule, na hakuna mwizi wala mfanyabiashara ambaye angeweza kuuza vipande. Nilipokuja mimi na ujuzi wangu wa kuwahi, zikaanza kutoka nzima. Zinang'aa. Zinazunguka kimya. Mimi ndiye niliyelijaza pipa la chakavu kwa mali inayouzika, kisha nikaiandika kwa mwandiko safi.

"Simamisha winchi," nikasema.

"Imesimama."

"Isizunguke tena. Hii beringi uliyofunga ni mbovu. Hii ya mkononi nayo ni mbovu. Watu wasipande kwa waya."

Mdogo wangu alinitazama usoni kujua kama natania. Mwenye duara alikuwa ameshanyanyuka kwenye kiti chake. Akaja, akaweka kiganja juu ya nyumba ya beringi, akakiacha hapo kama anayepima homa ya mtoto.

"Haina joto," akasema. "Hailii. Inazunguka. Inaumwa nini?"

"Inaumwa ndani, mama. Ina kidonda. Kitakua, gololi zitavunja kishikio chake, zitamwagika, shafti itaanguka upande mmoja, cheni itaruka, na ngoma itabaki haina breki. Kama kuna mtu kwenye kitanzi siku hiyo, hakuna wa kumshika."

"Siku hiyo ni lini?"

Swali hilo ndilo linalonitesa kazini kila siku, na hapo lilinitesa zaidi. "Sijui. Inaweza kuwa mwezi ujao. Inaweza kuwa leo."

Watu waliokuwa wanaponda mawe walikuwa wamesogea. Mmoja, mwanamume mrefu mwenye sauti ya kutulia, aliiomba ile beringi ya akiba, akaizungusha kwa kidole, ikazunguka vizuri kabisa. Akamwonyesha jirani yake. Kisha akaniuliza kwa heshima zote, "Samahani dada. Kama ni mbovu, kwa nini mgodi waiandike vizuri hivi? Kitu kibovu kinatupwa. Hakiandikwi."

Wote wakaitikia. Na alisema kweli. Katika maisha ya watu wale, na katika maisha yangu yote ya utotoni, hakuna aliyewahi kukaa chini akachukua rangi akaandika takataka kwa mwandiko mzuri. Unaandika jina kwenye jembe usilotaka liibwe. Unaandika namba kwenye gunia la tumbaku linalokwenda mnadani. Alama ni ya kitu chenye thamani. Ni mgodini peke yake, kwetu sisi tuliosomeshwa, ndiko kitu kinakoandikwa ili kife.

Ilinibidi niseme, na kusema kuliniwia kugumu kuliko nilivyotarajia. Mdogo wangu alikuwa amesimama mbele ya watu wake, amevimba kwa fahari ya dada yake na beringi yake, na nilikuwa naenda kumvunja vyote viwili.

"Aliyeandika ni mimi," nikasema.

Hawakuelewa. Nikainama, nikaokota kijiti, nikaandika kwenye vumbi: mkasi, namba ile ile ya pampu, tarehe ile ile, saba na mstari wake tumboni. Nikaiweka beringi kando ya maandishi. Mwenye duara alitazama chini, akatazama beringi, akatazama chini tena. Akaweka mkono kichwani.

"Iih! Mayu wane!" akasema. Hivyo ndivyo wanawake wa kwetu wanavyomwita mama yao wakipata msiba. "Wewe ndiye unayezikataa?"

"Ndiyo mama. Huo mkasi maana yake imekufa."

Mdogo wangu alitoa kofia, akaishika kwa mikono miwili. Alitazama kile kitanzi cha waya kilichokuwa kinaning'inia mdomoni mwa shimo.

"Asubuhi nimewashusha kwa hiyo," akasema polepole. "Na jana. Na juzi."

Mama mwenye duara hakupoteza muda, namsifu kwa hilo mpaka leo. Alisema, "Mficha maradhi kilio humuumbua," akaamuru wagonge bomba la hewa, ishara ya kupanda. Halafu mtu mwenye mapafu ya nguvu akapiga kelele kuelekea chini kwamba winchi imelala, watumie ngazi. Kutoka chini yalirudi matusi ya kila kabila la nchi hii. Tukasubiri. Nimewahi kusubiri majibu ya mtihani, nimewahi kusubiri mlangoni mwa chumba cha upasuaji, lakini sijawahi kusubiri kama nilivyosubiri vichwa vile vitokeze, mmoja baada ya mwingine, vimepakwa udongo, vinahema. Nilikuwa nahesabu kwa midomo. Wa sita alikuwa mtu mzima mwenye goti bovu, na alipotoka alilala chali kwenye kifusi, akauliza ni mpumbavu gani aliyeharibu winchi. Nikasema ni mimi, nikaanza kulia. Akaona haya, akaniambia basi dada, yaishe.

Tuliifungua beringi mchana ule ule. Niliiosha kwa dizeli kwenye kopo, nikatenganisha pete kwa nyundo na tindo, nikaielekeza pete ya ndani kwenye jua. Kidonda kilikuwepo, mahali pale pale nilipokitarajia, doa dogo la kijivu lililobanduka. Iliwabidi wainamishe vichwa ndipo wakione. Pete ilipita mkono kwa mkono.

"Hiki ndicho kimetupandisha ngazi zote zile?" mmoja akauliza, na wenzake wakacheka kwa uchovu.

Sikuwalaumu. Hiyo ndiyo adhabu ya kazi yangu: ukiifanya vizuri, ajali haitokei, na ajali isiyotokea haina shahidi. Lakini mdogo wangu hakucheka. Aliichukua ile pete, akapitisha kucha juu ya doa, akarudia tena na tena. Akaniambia kwa sauti ndogo ili wengine wasisikie, "Mimi nilizunguka maduka matatu kutafuta alama yako." Hakuwa na hasira. Ningefurahi angekuwa na hasira.

Kesho yake tulikwenda wote wawili kwenye duka lile la Buseresere. Njiani nilikuwa nimepanga matusi ya kutosha. Muuzaji alikuwa mzee mwenye kofia ya sala, mpole, mwenye kaunta safi kuliko karakana yetu. Kabla sijajitambulisha nilimuuliza kama ana beringi zenye njano.

"Zimeisha, binti yangu. Watu wa winchi wamezimaliza. Hizo hazikai."

Nilipomweleza mimi ni nani na alama ni ya nini, kwanza alitabasamu, akidhani ni njia mpya ya kuombea punguzo. Kisha nikamwona rangi inamtoka. Alikaa. Akaniambia mtu wa chakavu alimletea na kumwambia zimepimwa, naye aliziosha, akatia grisi mpya, akauza akiamini anauza mali bora kuliko jirani zake. Moja ameifunga kwenye mashine yake mwenyewe ya kusaga. Nikamuuliza alimuuzia nani. Akanyoosha mkono kuelekea barabarani, upande wa Rwamgasa, halafu upande wa Runzewe, halafu akaushusha. Watu wanakuja na bodaboda, alisema, wananunua, wanakwenda. Niliondoka na matusi yangu yote.

Mgodini nilitoa taarifa siku niliyorudi. Mkuu wangu hakunificha aibu yake. Siku hizi hakuna beringi inayoingia kwenye pipa bila kukatwa vipande viwili kwa gesi mbele yangu. Hilo lilikuwa rahisi. Kilichonikosesha raha ni daftari langu. Humo nilikuwa nimeorodhesha kila beringi niliyowahi kuitoa, na zile za saizi ya winchi nilizipigia mstari kwa kalamu nyekundu. Nilipofika ukurasa wa tatu niliacha. Kila mstari ulikuwa ni kitanzi kimoja mahali fulani na watu wanaokikalia asubuhi na jioni, na walikikalia wakiwa na amani kwa sababu ya mwandiko wangu.

Niliamua kuzitafuta. Kila mapumziko yangu nitakwenda duara kwa duara, nitauliza nani ana beringi yenye njano, nitasikiliza, nitawaambia waitoe. Na hapa ndipo nilipofanya kosa ambalo bado linanichoma. Nilitaka watu waniamini. Nikafikiri nikienda na kanga yangu wataniona mwanamke tu aliyekosa shughuli. Kwa hiyo nilivaa koti la kazi, lile lenye mistari inayong'aa na beji kifuani, nikachukua kifaa changu na daftari langu, nikaenda.

Duara la kwanza walisema hawana. La pili hawana. La tatu mwendesha winchi hata hakuniruhusu nikaribie. Nikafurahi, Mungu anisamehe; nikafikiri labda tatizo ni dogo kuliko nilivyohofia. Nilizunguka siku tatu, na kila mahali nilikuta watu wenye adabu sana, wananipa kiti, wananipa maji, wananijibu kwa mkato kwamba beringi zao walizinunua Mwanza, kwenye boksi.

Siku ya nne asubuhi mdogo wangu akanipigia simu.

"Dada, acha kuzunguka."

"Kwa nini?"

"Huku kote inasemwa mgodi umemtuma mama mmoja mwenye daftari anatafuta mali yake iliyoibiwa. Mwenye kukutwa na njano anakwenda polisi. Watu wanazifuta, dada. Wanazifuta kwa petroli."

Nilikaa chini, pale pale kando ya barabara, kwenye vumbi. Alama ile ilikuwa uongo machoni pa watu, lakini ilikuwa ndiyo kamba pekee niliyokuwa nayo ya kuzifikia zile beringi. Bila njano, beringi yangu iliyokufa haitofautiani na nyingine yoyote inayong'aa. Nilikuwa nimezitoa mgodini kwa ujuzi, nikazipa sifa kwa mwandiko, na sasa nilikuwa nimezificha kwa koti.

Hata hivyo nilikwenda kwenye duara moja la mwisho, kwa kuwa lilikuwa karibu na miguu haikukubali kurudi nyumbani. Nilivua koti, nikalikunja ndani nje, nikaliweka kwenye mfuko. Mwendesha winchi alikuwa kijana wa makamo, mnyenyekevu, amenyoa vizuri. Alinipa shikamoo ingawa tulikaribiana umri. Ilikuwa saa ya kushuka, wachimbaji wamejipanga na tochi zao kichwani.

Nikamweleza yote. Nilimwambia mimi ni dada wa mwendesha winchi mwenzake, nikamtaja na duara lake lilipo. Nilimwambia sitafuti mali, sitaki jina la mtu, sitaandika kitu. Nilitaka dakika moja tu, niweke kifaa kila upande.

"Tunakuelewa, mama," akasema. "Tumeshasikia habari zako. Sisi hatuna kitu cha mgodi hapa."

"Sijasema mnacho. Naomba nisikilize tu."

"Hatuna, mama." Alisema kwa upole kabisa, akainua mkono kunionyesha njia ya kurudia barabarani. Mkono ulinuka petroli, na chini ya kucha za vidole viwili kulikuwa na rangi ya njano.

Nilimwambia nimeiona. Nilimwambia kwa sauti, mbele ya wote, kwamba hiyo rangi niliiweka mimi na maana yake ni kifo. Wachimbaji walitazamana. Mmoja wao akasema taratibu kwamba mgodi ukitaka mali yake huwa hauishiwi maneno. Mwendesha winchi akageuka, akawasha mota. Ngoma ikaanza kuzunguka, laini, kimya, bila joto. Wa kwanza akakaa kwenye kitanzi, akanipungia mkono kwa heshima, akashuka.